Barabara Tuliyompambia Mkaguzi

Mimi ni mtu wa hasira. Nasema hivi mapema ili mbele ya safari usije ukanionea huruma mahali nisipostahili. Mume wangu huniambia nilizaliwa siku ya kuuza pamba, siku ambayo kila mtu anagombana na mizani, na sijawahi kumbishia kwa sababu huenda ni kweli. Lakini ni kwa hasira hizo hizo watu wa kitongoji chetu walinichagua niwe mwenyekiti wao. Walisema wanataka mtu wa kuwasemea wilayani bila kumung'unya maneno.

Kitongoji chetu kiko kata ya Nkololo, upande wa huku wa mto. Mama yangu mzazi anakaa upande wa kule. Kiangazi, ukitoka kwangu na muwa mkononi, unafika kwake hujaumaliza kuutafuna. Mto wenyewe wakati huo ni mchanga mtupu. Wanawake wanachimba visima humo, ng'ombe wanakatiza, na watoto wamechomeka miti ya magoli katikati kabisa. Mgeni akiuona anauliza mto uko wapi.

Mvua zikianza anaacha kuuliza. Maji yanashuka mekundu, yamebeba magogo na mara nyingine mbuzi wa watu, na kuanzia hapo mpaka pamba ichanue hakuna wa kuvuka. Ukitaka kwenda kwa mama unazunguka kwa barabara kubwa kupitia Bariadi mjini, nusu siku nzima, na nauli ya magari mawili. Kwa hiyo kwa miaka mingi, msimu wote wa mvua, mimi na mama tulikuwa tukionana kwa mbali. Kila Jumapili tukitoka kanisani, mimi kanisa la huku na yeye la kule, nasimama ukingo huu na yeye anasimama ukingo ule, tunapayuka. "Mwangaluka, mayu," namwamkia kwa Kisukuma. Naye anaitikia. Nampa habari za watoto, za ng'ombe, za nani kajifungua na nani kaugua. Utaniuliza kwa nini nisimlete akae kwangu. Nilishamwomba. Ana nyumba yake, kaburi la baba liko pale uwanjani, mdogo wangu wa kiume anakaa naye, na ana ng'ombe wanne anaowajua kila mmoja kwa tabia. Hahami mtu pale.

Basi masikio yake yakaanza kwisha. Kiangazi sikuona sana, maana unamsogelea, unapaza kidogo, mnaelewana. Ila mvua za mwaka ule nilipomuuliza kama dawa ya mguu imeisha, alinijibu kwamba kuku wanataga vizuri. Jumapili nyingine nikaongea mpaka koo likauma, naye akawa ananipungia mkono tu. Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni bila kuwasha moto. Niliogopa, nasema ukweli. Nilijua nisipopata daraja, mama yangu nitakuwa naye miezi ya jua peke yake, na miezi hiyo sijui amebakiza mingapi.

Daraja tulikuwa tumeliomba siku nyingi. Majibu yake nayajua kwa kichwa kama sala: ombi limepokelewa na litazingatiwa kulingana na upatikanaji wa fedha. Ndipo mwezi wa kumi mtendaji wa kijiji akanipigia simu, akasema mkaguzi wa barabara wa wilaya atapita kwetu Jumatano kuangalia hali ya njia na kivuko, kwa ajili ya bajeti ya mwaka unaofuata. Wananchi wajiandae, akasema.

Hilo neno kujiandaa ndilo lililotuponza. Kwetu mgeni akitangazwa, watu hawalali. Uwanja unafagiliwa, ukuta unapigwa udongo mweupe, kuku anafungwa kamba mapema asije akapotea. Mgeni anakuja kutazama barabara? Basi barabara ndiyo uwanja. Sikufikiria mara mbili. Jumapili jioni nikaita nzengo, yaani ule umoja wa majirani ambao kwetu ndio unaozika, ndio unaochota maji ya harusi na ya msiba. Nikasema kila nyumba itoe mtu, na asiyekuja atatoa kuku. Hakuna aliyetoa kuku.

Siku zile mbili natamani ungeziona. Wanaume walitoka na mikokoteni ya ng'ombe kuleta changarawe kutoka chini ya mlima wa mawe. Vijana, wale wanaokwenda kulima kwa kikundi, walishika mitaro kwa wimbo uleule wa kulimia pamba, mmoja anarusha sauti na wenzake wanaidaka, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja. Sisi wanawake tulibeba mawe kwa makarai. Udongo wetu ni ule mweusi wa mbuga, ukinyeshewa unanasa hata punda, basi tukauzika chini ya changarawe, tukaziba mashimo yote, kuanzia mashine ya kusaga mpaka mtoni. Pale pa kuvukia tukachonga kingo zikawa mteremko wa pole, tukapanga mawe kutoka ukingo hadi ukingo, yamebanana sawasawa, ukipita na baiskeli kengele hailii.

Mama alikuja kutoka kwake na chungu cha uji wa mtama, akakaa kwenye jiwe, akawa anatukosoa. Lile limekaa vibaya. Hili geuzeni. Tukageuza. Mchana tulikula ugali na dagaa pale pale mchangani, watu wakataniana, mpaka wawili waliokuwa hawasemeshani kwa ajili ya mpaka wa shamba wakajikuta wanabeba karai moja. Nilifurahi mpaka nikaanza kuharibu. Jumanne jioni nikakumbuka kwamba kuna chokaa ilibaki tulipokarabati kanisa. Nikaamuru mawe yote ya pembeni yapakwe. Hilo la chokaa lilikuwa wazo langu, na wala simsingizii mtu.

Jumatano ikaja pikapu nyeupe. Iliteremka kwenye kivuko chetu taratibu, ikapanda upande wa pili, ikageuza ikarudi, haikutikisika hata kidogo. Wanawake wakapiga vigelegele. Akashuka mkaguzi mwenyewe, kijana mpole, fundi sanifu wa ofisi ya barabara, ana miwani na kishikwambi cha kupigia picha na kujazia fomu. Akapiga picha mitaro. Akapiga picha mawe meupe. Akachuchumaa akagusa changarawe kwa kidole.

"Mama mwenyekiti, hongereni sana," akasema. "Nimezunguka kata zote, sijaona sehemu kama hii."

Nilivimba. Nikamkaribisha chakula, wali na kuku, akala vizuri, akaomba na mchuzi. Alipomaliza kunawa mikono ndipo nikamuuliza, kwa sauti ya kiserikali kabisa, daraja letu tutegemee mwezi gani.

Akafuta miwani yake. Akanieleza bila dharau, na ndiyo maana sikuweza kumkasirikia. Fedha za barabara za vijijini zinatoka kwenye mfuko ambao kila anayeweka petroli anauchangia, hata bodaboda, kidogo kidogo kwa kila lita. Zikishafika wilayani zinakuwa chache na barabara ni nyingi. Kwa hiyo wanapita kuangalia, kila njia inaandikwa ni nzuri, ni ya wastani, au ni mbaya, na madaraja wanaanza kuyapeleka kule ambako njia inakatika kabisa.

"Na sisi umetuandikaje?" nikamuuliza.

"Nzuri," akasema. Na akatabasamu, maana alidhani ananipa zawadi.

Nikamwambia hapa panakatika, baba, mvua ikinyesha hapa panakatika miezi na miezi. Akatazama kivuko, nami nikakitazama. Kilikuwa kimelala pale kwenye jua na mawe yake meupe, kimependeza kuliko uwanja wa mkuu wa wilaya.

"Mama, kila kijiji kinaniambia hivyo," akasema taratibu. "Mimi naandika nilichokiona. Na orodha inafungwa Ijumaa ya wiki ijayo."

Akashukuru kwa chakula, akaondoka. Pikapu ilipita juu ya mawe yetu bila kelele.

Sitakueleza yote niliyoyasema baada ya hapo, mengine hayafai kuandikwa. Nilijilaumu mimi. Nani aliniambia nipake chokaa? Vijana wakaja na shauri lao: tuyang'oe mawe, tufukue mashimo, halafu tumwite tena aone. Nilikaribia kukubali, tena nilishaanza kumtafuta wa kuleta sururu. Kisha nikawaambia waache. Picha alishaondoka nazo, na tungeonekana matapeli. Halafu, niseme kweli, mawe yale nilikuwa nimeyabeba kwa kichwa changu na shingo bado ilikuwa inauma.

Mume wangu ndiye aliyenikumbusha ile video. Alisema kwa kuogopa, akiwa amesimama karibu na mlango.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Mvua za mwaka huo huo, Jumapili moja, binti yangu mkubwa alikuja kutusalimia na mume wake, ambaye ana kibanda cha kutengeneza simu mjini Bariadi. Tukaenda wote mtoni nimsalimie mama. Siku hiyo ndiyo ile niliyopayuka mpaka koo likauma. Hasira zikanipanda. Nikajifunga kanga kiunoni, nikaukaripia mto, macho yangu kwenye maji tu. Nikaukaripia kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, nikarusha mikono, nikakanyaga matope kwa miguu yote miwili, nikaitaja serikali na nikaitaja mvua. Sikujua mkwe wangu amesimama nyuma anarekodi. Jioni nikaikuta kwenye grupu la familia, na chini yake watu wa Maswa, Mwanza mpaka Dar wanacheka kwa machozi. Niliangalia mwanzo tu, nikajiona nilivyovimba, nikaizima. Nikatoa amri ifutwe na kila mtu, na binti yangu sikumpokelea simu wiki nzima.

Mkwe wangu sikumgombeza, kwa sababu siwezi. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hamli sahani moja, hamtazamani usoni, na neno kati yenu linapitia kwa mtu mwingine, hasa kwa binti. Siku hizi wengi wameacha. Mimi sijaacha, na sifa moja ya yule kijana ni kwamba naye hajaacha. Kwa hiyo hasira yangu juu yake nilikuwa naitunza moyoni, haijawahi kutoka.

Alhamisi asubuhi nikapanda gari kwenda mjini. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia binti yangu ili yeye amwambie mumewe. Nafika kibandani, binti hayupo. Amekwenda mnadani kununua mchele. Mkwe wangu yuko peke yake, ana bisibisi mkononi. Aliponiona akasimama haraka, akatazama chini, na mimi nikageuka nikatazama barabara. Tukakaa hivyo. Gari likapita, pikipiki ikapita.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa duka la jirani, anayeuza vitenge, Mwislamu aliyekuja Bariadi na mumewe kutoka Tabora. Alikuwa amekuja kuchaji simu.

"Dada," nikamwambia, "hebu mwambie mwenye kibanda kwamba nimekuja kwa shida."

Akanitazama. Akamtazama yeye, hatua mbili kutoka nilipo. "Si huyo hapo?"

"Mwambie tu."

"Mama anasema amekuja kwa shida," akamwambia.

"Mwambie mama shikamoo," akasema mkwe wangu, akiiambia meza. "Mwambie nasikiliza."

"Jamani, mbona mnasikiana vizuri tu?" yule mama akashangaa. Lakini alikuwa mtu wa akili, akaona jambo lenyewe tamu, akavuta stuli akakaa katikati yetu.

Nikamwambia amwambie kwamba naitafuta ile video. Akampelekea maneno. Kisha mkwe wangu akasema mama aambiwe kwamba aliifuta, kama alivyoamriwa. Yaani miezi yote hii nimekasirika kwamba ipo, na siku ninayoitaka kumbe nilitiiwa.

"Mwambie," nikasema, "mwambie kwamba bila hiyo mama yangu hapati daraja."

Yule mama hakurudia hilo. Alimtazama tu. Mkwe wangu akaweka bisibisi chini.

"Mwambie mama," akasema polepole, "nilifuta kwenye grupu. Kwenye simu ipo. Siku kazi ikiwa mbaya huwa naiangalia. Naomba anisamehe."

"Amesamehewa," akasema mama wa vitenge kabla sijafungua mdomo, na hapo hapo akaniuliza ofisi ya barabara iko wapi, maana yeye anafunga duka anakuja.

Tukaenda watatu. Mimi mbele, mkwe wangu nyuma kabisa na simu yake, mama wa vitenge katikati anapeleka na kurudisha maneno kama karani. Fundi sanifu alipotuona aliinuka akidhani ni msafara wa harusi. Nikamwambia ukweli wote: kwamba barabara aliyoiona haikuwa barabara yetu, ilikuwa ni ya kumpokelea yeye. Mawe yana siku mbili. Chokaa ni ya kanisa.

Alivua miwani. "Mama," akasema, "kazi hii nimeonyeshwa mashimo yaliyochimbwa asubuhi ile ile, bado udongo mbichi. Nimeonyeshwa daraja lililovunjwa kwa nyundo. Sijawahi kutengenezewa barabara." Akacheka, akaniomba radhi kwa kucheka, akacheka tena.

Mkwe wangu akaweka simu juu ya meza, akarudi nyuma. Video ikaanza. Pale mbele ya watu wa ofisi nikajiona nimefunga kanga, natukana maji. Wenzake wakasogea. Mmoja akaziba mdomo kwa faili. Nilitamani sakafu inimeze, lakini nikasimama, nikasema moyoni acha wacheke, wanunue kicheko hiki kwa daraja.

Fundi sanifu peke yake hakuwa ananitazama mimi. Akasimamisha video, akafungua kishikwambi chake, akaviweka pamoja. Kwenye picha yake ya Jumatano kuna mgunga ulioinama, umesimama kwenye mchanga mkavu, hatua chache kutoka kwenye mawe yetu. Kwenye video mgunga ni ule ule, na maji yamefika kwenye matawi.

"Hapa ndipo pale?" akaniuliza.

"Ndipo."

Akatafuta tarehe ya video, akaiandika. Kisha akabonyeza iendelee, na ndipo nilipoona sehemu ambayo sikuwahi kuifikia kwa sababu ya kuizima.

Kamera ya simu ilikuwa imeniacha mimi, ikavuka maji. Mama yangu alikuwa amesimama ng'ambo na kitambaa chake cha kanisani. Alikuwa hasikii kitu. Aliona tu binti yake anarusha mikono na kukanyaga chini, akadhani nacheza. Basi naye akaanza kucheza. Polepole, ule uchezaji wa zamani wa mabega, fimbo ameikumbatia, anacheza ili kunijibu. Ofisi nzima ikacheka kwa furaha, na mimi nikacheka. Halafu kwenye video mimi nikageuka nikaondoka kwa hasira, ukingo wetu ukabaki mtupu, na mama akaacha kucheza. Akasimama. Akapunga mkono. Akaendelea kupunga mkono kwa muda mrefu, akipaelekea pale nilipokuwa nimesimama, pasipo na mtu.

Nililia. Sijui kulia vizuri, nalia kwa kelele. Mama wa vitenge akanishika bega. Nyuma yangu nikamsikia mkwe wangu akisema, bila kumpitishia mtu yeyote, "Pole, mama." Na mimi nikamjibu moja kwa moja, "Asante, mwanangu." Hatujarudia tena, lakini siku ile tulisemezana.

Fundi sanifu hakuniahidi kitu. Alifuta lile neno alilokuwa ameandika, akaandika kwamba njia hukatika msimu wa mvua, akasema atakuja mwenyewe mvua ya kwanza kubwa kuthibitisha. Nikadhani ndiyo yale yale ya kulingana na upatikanaji wa fedha. Nilikosea. Mwezi wa kumi na mbili maji yalipokuja yaliyafagia mawe yetu kwa usiku mmoja, na asubuhi yake nikamkuta kijana wa watu yuko ukingoni, matope hadi magotini, anapima kina kwa kamba yenye mafundo. Pikapu alikuwa ameiacha mbali imenasa. Nikaenda kumletea chai, na vijana wakaenda kuinasua kwa ng'ombe wanane.

Kiangazi kilichofuata wakaja na zege. Ni kalavati kubwa la vyumba vitatu, wataalamu wanaliita hivyo, sisi tunaliita daraja na hatubishani na mtu. Nzengo ilitoa mchanga na kokoto kwa kulipwa, vijana wakapata vibarua, na nikapigwa marufuku na kitongoji kizima kukaribia kitu chochote nikiwa na chokaa. Mama alihudhuria ujenzi karibu kila siku. Alikaa kwenye mfuko mtupu wa simenti akawakosoa mafundi, na wao wakamwita injinia bibi. Mwezi wa tisa tukavuka juu. Nilivuka mara sita siku hiyo bila sababu.

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha Jumanne moja mchana. Nilijifunika turubai nikataka nikimbie kwa mama nikamwone, mara nikasikia pikipiki uwanjani. Alikuwa ni yeye. Umri ule wote hajawahi kupanda bodaboda, na alikuwa amekaa nyuma ya dereva, kitambaa kimelowa, kuku amemkumbatia kifuani. Dereva akaniambia bibi alimsimamisha njiani na akamwamuru aende upesi.

Nilimshusha nikiwa nagombeza. Nikamvua nguo zenye maji, nikampa zangu kavu, nikamwekea moto. Nikamsogelea sikioni nikamuuliza kwa nini aje na mvua yote hii, na siku za jua zipo.

"Za jua nimekuja kila mwaka," akasema. "Mvua yako ndiyo sijawahi kuiona."

Nikasogeza kiti chake mpaka mlangoni, nikakaa chini karibu na miguu yake, tukaitazama ikinyesha.